Vidonge vya Mke Mwenza

Haki ya Mungu hiki kisa ni kweli tupu. Mkinikamata na uongo, kahawa ya baraza nzima juu yangu.

Bi Mashavu na mke mwenzake, Siwema, walishikwa na maradhi ya mkojo kwa mpigo. Maabara ikaotesha wadudu wa mkojo wa kila mmoja ili wajulikane, daktari akachagua dawa ya kuwaua. Vidonge vyote vilikuwa vyeupe, vinafanana, ila vya Siwema mume alivifuata mjini.

“Mimi vya zahanati, yeye unamsafiria,” alinuna Bi Mashavu.

“Mke wangu, wadudu wenu si wamoja.”

“Kumbe hata wadudu wake unawapenda zaidi.”

Siwema alipokwenda kuoga, Bi Mashavu akabadilisha vidonge, vifuko akaviacha palepale. Bi Mashavu alipoingia jikoni, Siwema, aliyeshuku kuwa mke mkubwa ndiye kapewa dawa kali, akavibadilisha tena. Kila mmoja akameza dawa yake mwenyewe akidhani kaiba ya mwenzake, akapona. Mpaka leo wakipishana uani wanachekana kimoyomoyo, na hakuna aliyemwambia mtu.

“Sasa wewe, mzee,” akauliza Shomvi kinyozi, “nani alikuambia?”

Nilipogeuka, muuza kahawa alishaanza kupanga vikombe.