Uwanja Uliofagiwa kwa Heshima ya Bi Sindano

Sikilizeni, na mwenye usingizi aende ndani akalale. Bi Sindano alikuwa nyoka wa kuishi chini ya udongo, mwembamba, hana makuu. Alikuwa ametaga mayai manne chini ya gogo bovu, penye majani yaliyooza na udongo laini.

Kima, mpenda sifa, akasikia kwamba nyoka wa aina ile amebaki huyo mmoja. Akawakusanya wanyama. "Tumtunze bibi huyu. Mtu wa heshima hawezi kukaa kwenye uchafu."

Bi Sindano alikuwa ametoka kutafuta mchwa. Kurudi, akakuta kanga wamefagia majani yote, gogo limechomwa, na wanyama wanacheza ngoma ya kumkaribisha. Walikuwa wameukanyaga udongo mpaka umekuwa sakafu. Akajaribu kuingiza kichwa, pua ikachubuka.

"Kima, mayai yangu yako wapi?"

"Mayai gani tena, bibi? Tumetoa takataka tu. Hata asante huna?"

"Uliniuliza ninalala wapi?"

"Shughuli zilikuwa nyingi."

"Ulimi wa kuhutubia unao. Wa kuuliza umekatika?"

Akaondoka juani, ngozi ikimkauka, asijue pa kujichimbia. Hakuonekana tena.

Mpaka leo Kima analinda uwanja ule mtupu, kifua mbele. Wageni wakija kumtazama nyoka, anawaambia bibi yumo ndani, ila ana haya. Aliyestahili kuona haya ndiye anayewapokea wageni.