Nyuma ya Utando

Mstari kwenye skrini ya kipimo ulikuwa umenyooka. Mwalimu Mbwarali, aliyefundisha fizikia kabla ya kuwa fundi wa spika, aliuonyesha kwa kalamu.

"Utando mpya wa spika, huu unaotetema na kutoa sauti, hauna kasoro, Bi Salha. Sauti inatoka kama ilivyorekodiwa."

Bi Salha, mwimbaji wa taarabu ambaye maradhi ya koo yalimnyang'anya sauti, alikuwa ameketi mbele ya spika mbili pana, nyembamba kama milango. Aliusikiliza wimbo wake mwenyewe kwa mara ya nne, akisokota ncha ya kanga.

"Huyo mwanamke simjui," alinong'ona. "Nimekuja kuisikia sauti yangu, si ya jirani."

"Kipimo kinasema ni wewe."

"Basi kakioe hicho kipimo chako."

Aliinuka. Mwalimu alidhani anaondoka, kumbe alijipenyeza kati ya spika na ukuta, mahali ambapo utando hutoa sauti pia ingawa hakuna msikilizaji anayeketi huko. Akasimama wima kama jukwaani. Maisha yake yote aliimba akiwa nyuma ya sauti yake. Waliokuwa mbele yake walikuwa watu wengine.

"Huyu hapa," alisema, akafumba macho.

Mwalimu alisogeza maikrofoni ya kipimo hadi nyuma. Mstari ukapindapinda vibaya. Bi Salha alikuwa akifumbua midomo bila sauti, akiifuata kila pumzi ya wimbo, na Mwalimu akaizima skrini, akauacha wimbo uendelee.