Kipa wa Mpaka Keshokutwa

Wakala wa timu tajiri alimkuta kipa Mbaruku barazani, akishona glavu iliyochanika kidoleni. Akamwekea mkataba mkekani.

"Saini leo, kaka, uache kupanga, ujenge kwako. Kesho tukicheza nanyi, sema goti linauma. Timu yenu inashuka daraja tu, uwepo usiwepo."

Mbaruku akavuta uzi taratibu. "Mkataba wangu na hawa unaisha keshokutwa. Kesho bado mimi ni wao. Njooni keshokutwa, nitasaini kwa moyo mweupe."

"Ukitunyima ushindi kesho, tajiri wetu hatakutaka tena. Nakwambia ukweli."

"Nimekusikia, bwana."

Mkewe, Mwanaidi, alikuwa mlangoni akichagua mchele. Akacheka kidogo. "Shemeji, mnatafuta kipa wa kudaka au wa kuachia? Maana akiwaachia wenzake kesho, na nyie mtaachiwa siku yenu."

Adhana ya magharibi ikaanza. Mbaruku akaweka sindano chini, akainuka kwenda kutawadha. Mkataba ukabaki mkekani, upepo ukifunua kurasa zake moja moja, na wakala akiutazama bila kuuokota.