Mkao wa Odette

Jumamosi mchana, Odette alikuwa akisafisha ofisi ughaibuni, karibu na kituo cha treni cha Schuman, wakati wenzake waliocheza naye mieleka shuleni Lubumbashi walipompigia simu ya video. Walikuwa wamekutana sita, mara ya kwanza tangu wamalize masomo. Yeye tu ndiye hakuwepo.

"Odette, utuonyeshe vile ulikuwa unasimama," alisema kapteni wao wa zamani.

"Niko kazini, yaya," alijibu Odette, akimwita dada mkubwa kama zamani.

"Na hakuna muntu kwenye ofisi. Alors, shida iko wapi?"

Aliegemeza simu kwenye kompyuta, akasogeza kiti, akainama na glavu zake za mpira mikononi. Goti la kulia lilimuuma, lakini miguu ilikumbuka yenyewe: mmoja mbele, vidole vikishika zulia. Akafungua viganja. Maji ya sabuni yakadondoka.

Kule wakapiga vigelegele. "Mumuone. Angali vilevile."

Kisha chakula kikaletwa. Mtu akailaza simu mezani, na Odette akabaki akitazama dari na feni ikizunguka. Aliwasikia wakibishana ni nani alimwangusha nani kwenye fainali.

"Odette alikuwa na nguvu, yule," mmoja alisema. Wakahamia habari za watoto.

"Niko hapa," Odette akasema.

Hakuna aliyesikia. Vijiko viligonga sahani. Angeweza kukata simu, lakini hakukata. Bado alikuwa ameinama katika mkao ule, na paja lilianza kutetemeka. Akashuka chini kidogo zaidi, kama walivyofundishwa kufanya mpinzani anapokaribia, akangoja.