Maiti Aliyekunja Kidole

Mwosha maiti alikuwa akimsugua askari wa adui nyayo, mara kidole gumba kikajikunja.

Nje ya mlango sajenti alicheka. "Babu, hata adui unamwogesha kama bwana harusi? Akipumua niite nimmalizie."

Mzee alikishika kile kidole mpaka kikatulia. Aliwaosha wetu na wao sawasawa, maana aliamini kwamba mtu akishafika mikononi mwake ni wa kusitiriwa. Ila hadi siku hiyo wote walikuwa wafu.

"Mbona kimya? Naingia!"

"Ingia, mwanangu, ila ziba pua. Utumbo wote uko nje."

Sajenti alitema mate. "Basi mzike mwenyewe!" Buti zikaondoka.

Mzee aliyamwaga maji baridi, akabandika mengine yapate moto.