Kabla Matokeo Hayajaondoka

Bibi alitoka nyumbani na viatu visivyolingana: mguu mmoja kandambili yake, mwingine raba ya mjukuu wake. Hakujua mpaka alipoteremka kwenye basi, na hakuwa na muda wa kurudi. Saa kumi jioni ofisi ya mitihani ingefunga dirisha, na matokeo yangeondoka kwenda vyuoni. Baada ya hapo hakuna kuongeza, hakuna kupunguza.

Nyuma aliacha uani kumejaa watu, masufuria makubwa yako motoni, wanawake wanapishana mlangoni. Mwanawe, baba wa huyo mjukuu, alikuwa amekaa na wazee. "Mama, kapumzike," alimwambia. Bibi akaingia chumbani kama anayekwenda kujinyoosha, akachukua kadi ya mtihani chini ya mto, akatokea mlango wa nyuma.

Ofisini foleni ilianzia nje. Madirisha yalikuwa matatu, linalofanya kazi moja. Feni ya darini ilipiga kelele nyingi na upepo haikuleta. Bibi akasimama nyuma ya mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa bahasha.

"Na wewe bibi, umeletwa na mtihani?"

"Nimeletwa na mjukuu."

"Mwenyewe yuko wapi? Watoto wa siku hizi! Mtihani wafanye wao, miguu ituume sisi."

"Hakuweza kuja."

Yule mama alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Macho yamekuiva, bibi yangu. Hujalala?"

"Watu wamejaa nyumbani. Wanakuja, hawaishi."

"Basi amefaulu! Hongereni!"

Bibi alitazama viatu vyake. "Amefaulu," alisema. "Wa kwanza kituo kizima."

Mtaani mjukuu huyo walimwita Sindano, kwa wembamba wake, na kwa sababu tangu angali mdogo alikuwa akiwadunga wanasesere wake kwa njiti ya kiberiti huku akiwaambia wasilie, inauma kidogo tu. Alivyokua hakubadilika. Jirani akishikwa na uchungu, Sindano ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa.

"Ameomba chuo gani?" mama aliuliza.

"Cha ukunga."

"Loo! Nafasi zake adimu kama maziwa ya kuku. Kila kituo wanachukua mmoja tu, yule wa juu kabisa. Na wa pili wenu ni nani?"

"Rafiki yake. Dawati moja tangu darasa la kwanza. Jioni walikuwa wakisomea kwangu, wananimalizia mafuta ya taa. Amepitwa pointi moja. Na yeye kaomba chuo hichohicho."

"Pole yake, maskini. Wangu mwaka jana alipitwa vivyo hivyo. Aliyempita akapata mume, chuoni hata mguu hakutia. Unadhani walimwita wangu? Kiti kimekaa kitupu mwaka mzima! Nimekuja hapa nimelia, wananiambia, mama, majina yakishaondoka yameondoka."

"Na binti yako sasa?"

"Yupo. Ananifulia nguo na kunijibu ovyo. Zamani hakuwa hivyo, bibi. Mtoto anachacha ukimwona hivi hivi."

Bibi alitikisa kichwa. "Hilo ndilo lililonitoa nyumbani, mwanangu."

"Ah, bibi mjanja wewe! Umekuja kumlinda wako!"

Bibi akaishika kadi vizuri.

Foleni ikagoma kusogea. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi safari ya mwisho, karani alichungulia kwenye kioo, tai imemlegea shingoni, akasema wenye bahati atawahudumia na wengine waonane mwakani. Watu wakapiga kelele. Bibi akajaribu kuinua mkono wenye kadi, lakini alikuwa mfupi na migongo ilikuwa mingi.

"Jamani, mpisheni bibi!" yule mama alipaza sauti. "Hamumwoni miguuni? Mtu anaacha nyumba na kiatu cha mwenzake, mnadhani anacheza?"

Watu wakatazama chini. Kijana mmoja alianza kucheka, akaacha. Wakampisha, huyu akimshika bega, yule akimshika kiwiko, mpaka akafika kwa baba aliyekuwa mbele kabisa, ameshika karatasi za watoto wake wawili.

"Pita, bibi," alisema yule baba. "Mtoto asikose kwa ajili yangu."

Karani alikuwa ameshashika pazia. Akaliachia, akapumua kwa nguvu.

"Namba ya mtahiniwa?"

Bibi hakusoma sana, lakini namba ile aliijua kwa moyo. Aliitaja yote bila kusita, akasukuma na kadi chini ya kioo. Karani akaandika, akasubiri, akaisogelea kompyuta. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Bibi, umejisumbua bure! Matokeo yake yamo. Chuo cha ukunga, chaguo la kwanza. Na kwa pointi hizi, huyu ameshaingia." Akaigeukia foleni. "Wa kwanza kituo kizima!"

Watu wakapiga makofi. Kule nyuma yule mama alipiga kigelegele kirefu kama cha mtoto wake mwenyewe.

"Nabonyeza hapa tu," karani alisema, "safari imeanza."

Bibi alipitisha mkono chini ya kioo, akaudaka mkono wa karani.

"Usibonyeze, baba," alisema. "Mtoe, mwenzake apite. Tumemzika jana."