Mama Alipoitazama Kamera

Odile, mwongozaji Mfaransa aliyetengeneza filamu zake zote bila kampuni, alishika mkasi juu ya utepe wa filamu. Kwenye kioo cha mashine ya kuhariria, mama yake, aliyeigiza mjane, alikuwa akimenya viazi. Mara akainua uso, akaitazama kamera na kuuliza, "Odile, mwanangu, umekula?"

"Kata hapo," alisema Marseli, mhariri wake. "Wengine wote walioitazama kamera uliwakata. Hata mimi, nilipoigiza."

"Wewe ulikuwa unajitazama nywele kwenye lenzi."

"Basi mama arudie."

"Tulimzika Jumanne, Marseli."

Marseli alivua miwani. Odile hakuweka mkasi chini. Kwa mkono mwingine akarudisha utepe nyuma, na kwenye kioo ganda refu likapanda polepole, likajivika tena kwenye kiazi.